Karanga za Punje Tatu

Dodoma, 27 Juni 2025
Kwa Mwalimu Emiliana Chidawali

Mwalimu Emiliana ametimiza miaka thelathini na sita ya kufundisha, na Jumatatu ijayo, tarehe 30 Juni, anastaafu. Walimu wenzake wameniomba mimi Silvano, mlinzi wa shule, niandike wasifu huu, kwa sababu wanajua ninalo la kusimulia.

Alianza kazi mwaka 1989 katika shule ya kijiji huko Chemba, akiwa binti wa miaka ishirini na minne kutoka Mvumi. Watoto wa kule walimfundisha salamu yao ya Kisandawe, yenye kugonga ulimi. Anasema alijaribu wiki nzima hadi taya likamuuma, na wao wakacheka hadi machozi. Mwaka 2003 alihamia kwetu hapa Chang'ombe, akashika darasa la tano na hakuliachia tena. Hisabati yake tunaijua. Wapo aliowafundisha waliofika chuo kikuu, na yupo dereva wa bajaji anayemfikisha hadi mlangoni kwake Area D kila jioni, huku akimtajia jedwali la saba bila kuulizwa.

Lakini mimi ninaikumbuka zaidi siku moja ya kimya. Ilikuwa Oktoba 2021, siku ya upimaji wa darasa la nne. Madarasa mengine yalitakiwa kubaki nyumbani, na mimi ndiye niliyetumwa kulitangazia darasa la tano. Nikasahau. Mke wangu Anitha alikuwa amefariki Julai, na siku zile kichwa changu hakikushika kitu. Binti yetu Paskalia, wa darasa hilohilo, alikuwa hajasema neno shuleni tangu msiba. Nilikuwa nimekwisha kufunga nguo zake. Jumamosi ningempeleka kwa shangazi yake Kibaigwa, aache shule.

Wengi walisikia habari kwa majirani, lakini watoto tisa wakaja, Paskalia akiwamo. Mwalimu hakunigombeza. Aliwapeleka nyuma ya jiko, mbali na chumba cha mtihani, akaniomba nimtolee stoo gunia lake la karanga, mbegu za shamba lake la Mvumi. Wakakaa mkekani wakimenya na kunong'ona, maana kelele zilikatazwa.

Mmoja wao, Deusdedit, alikuwa anamenya moja, anakula mbili.

"Wewe Deusi," Mwalimu akanong'ona, "shamba langu litaota tumboni mwako."

"Huko mvua haikosi, Mwalimu."

Wote wakaziba midomo wasicheke.

Mwalimu aliona kwamba Paskalia anatenga karanga za punje tatu na kuziweka kwenye sketi yake. Hakuuliza. Naye alipopata ya punje tatu, akamwekea palepale. Wenzake wakafuata. Kama saa tano hivi, nilipowapelekea maji, nikasikia sauti ya mwanangu.

"Za tatu tatu mama alikuwa ananipa mimi."

"Basi na za leo ni zako," Mwalimu akasema, mikono yake ikiendelea na kazi.

Hilo la Anitha sikuwa ninalijua. Nilisimama na ndoo mkononi hadi Paskalia alipomaliza kueleza jinsi mama yake alivyozifunga kwenye ncha ya kanga ili kaka zake wasizione. Jioni ile nilifungua ule mfuko wa nguo, nikazirudisha kabatini.

Mwaka huu yuko kidato cha pili. Juzi mwalimu wake aliniita kunilalamikia kwamba anaongea sana darasani. Niliomba radhi kama mzazi, lakini njia nzima nilitembea nikitabasamu.

Mwalimu, asante kwa miaka yote, na kwa asubuhi ile. Nenda Mvumi ukalime kwa amani, mvua ikukute umeshapanda, na magoti yako yakutii. Kikopo utakachopewa leo kinatoka kwa Paskalia. Amekusanya za punje tatu kwa miezi miwili, na anasema hizi ni za kula, si za mbegu.

Nasi tuna ombi moja tu. Utakapokaa kumenya mbegu zako, ukikuta yenye punje tatu, utukumbuke.