Kahawa ya Mwalimu na Mababu wa Mende

Jumamosi ile asubuhi, kijiweni petu Tandika, tulikuwapo wanne. Marijani Sadallah, auzaye dawa ya mende sokoni. Leodegar Kamugisha, karani mstaafu, mtu wa Bukoba. Mbwana Kheri, muuza kahawa. Na mimi. Hakuwapo Abdulrahman Pazi, mwalimu mstaafu wa sayansi, aliyekuwa amelazwa tangu Jumatatu; tuliambiwa angeruhusiwa siku hiyo. Desturi yetu ni kwamba aliyeshindwa hoja hummiminia mshindi kahawa kwa mkono wake, mbele ya watu. Jumapili iliyotangulia Marijani alikuwa amemwita Abdulrahman mwongo kwa habari zake za mende, akaondoka bila kuaga.

— Mwalimu alisema kweli, alianza Marijani. Binti yangu Raudha kanisomea kwenye simu. Mende alikuwepo kabla ya dainosa.

— Mababu wa mende, nilimwambia. Mende hasa walikuja baadaye.

— Haya, mababu. Miaka milioni mia tatu, mzee wangu! Hakuna ua hata moja duniani, wao wanajitembelea kwenye majani yaliyooza. Majike wana kitu kama mkia, wanachomeka mayai ardhini. Vilevile alivyosema.

— Kwa hiyo dainosa alipofika alimkuta mwenyeji, alisema Leodegar. Akapiga hodi.

— Akafa, mende akamzika! alidakia Mbwana.

— Na arobaini akamsomea, aliongeza Leodegar.

— Kumbe wao wenye nyumba, sie wapangaji, alisema Mbwana. Na wewe Marijani unauza sumu ya kumuua mwenye nyumba!

— Naiuza miaka yote hii, hata ukoo haujapungua. Mdudu yule mie namvulia kofia.

Akaivua kweli, akaiweka gotini.

Mbwana aliliinamisha dele lake la kahawa, akachungulia.

— Kimebaki kikombe kimoja.

Leodegar akanyoosha mkono.

— Acha bwana, alisema Marijani. Hicho cha mwalimu. Nammiminia mwenyewe, niseme mbele yenu nimeshindwa. Mie nilimkosea adabu.

Akalichukua dele, akalirudisha kwenye makaa lisipoe.

Ndipo akaja Nusaiba, binti wa Abdulrahman, kwa miguu, peke yake.

— Shikamooni.

Marijani alilinyanyua dele, akasimama, kofia ikaanguka.

— Marahaba, mwanangu. Mwalimu yuko wapi?

Abdulrahman Pazi alifariki alfajiri ile, hospitalini.