Kiti cha Pili cha Mwalimu Gundi

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka mwalimu. Mwalimu wa darasa la kwanza. Alifundisha darasa la kwanza kwa miaka thelathini na minne, katika chumba kile kile, cha mwisho kabisa karibu na mabomba ya maji. Hakupanda cheo, na alipopewa cheo alikirudisha. Watoto walimwita Mwalimu Gundi kwa sababu vidole vyake havikuwahi kukauka. Ukimpa mkono, mlikuwa mnaagana mara mbili: mara ya kwanza kwa maneno, mara ya pili kwa kuvutana.

Mwalimu Gundi alifariki Jumanne ya wiki iliyopita. Alikuwa na miaka sitini na mitatu.

Sitawaambia kwamba alikuwa malaika. Alikuwa mbishi, alikuwa na maneno makali, na chai yake ilinuka gundi. Hilo la chai nimeambiwa na binti yake mwenyewe. Nitawaambia kitu alichokuwa anakitafuta. Alianza kukitafuta miaka mitatu iliyopita, alipostaafu, na wengi walimpita wakiwa na haraka.

Alikuwa anatafuta mtu wa kukaa naye mezani, wacheze.

Naona mtu huko anashangaa. Wacheze nini, na umri ule? Subiri nieleze.

Mwalimu Gundi alianza kazi akiwa na watoto sabini na mmoja na ubao uliopasuka. Vitabu havikutosha, madawati ndiyo usiseme. Akaanza kuokota. Maboksi ya dukani, vifuniko vya soda, msasa wa fundi seremala, mikebe ya maziwa. Akakata herufi za msasa, watoto wazipapase kwa kidole. Akatoboa vifuniko, akavitunga kwenye uzi, kumi kumi. Wenzake wengine walitengeneza pia, si yeye peke yake. Lakini vyake vilikuwa na jambo moja. Hakuna hata kimoja ambacho mtoto angeweza kukitumia peke yake.

Chukua mchezo wa mkebe. Mezani kuna vifuniko kumi. Mtoto mmoja anafumba macho, mwenzake anaficha vingine chini ya mkebe. Aliyefumba anafumbua, anaangalia vilivyobaki, anasema vingapi vimefichwa. Hapo ndipo kutoa kunapoingia kichwani, bila fimbo na bila kukariri. Au chukua nusu neno. Kila mtoto anapewa kadi yenye silabi moja, anazunguka darasa zima kumtafuta mwenye nusu yake. Mwenye "ki" anamtafuta mwenye "ti", wakikutana wanakaa pamoja.

Watoto sabini na mmoja, wasikilizaji. Witiri. Kila siku mmoja alibaki bila mwenzake, na kila siku Mwalimu Gundi alichukua kadi ya mwisho, akakaa na huyo aliyebaki. Alikuwa na daftari la waliobaki, ili asibaki mtoto yule yule mara mbili. Mwaka wa pili akaletwa mtoto mgeni, wakawa sabini na wawili. Siku hiyo kila mtoto alipata mwenzake. Mwalimu akasimama katikati ya darasa, mikono mitupu. Jioni akamwambia binti yake, "Leo mimi ndiye niliyebaki."

Binti yake alikuwa na miaka minane. Sasa ni muuguzi, anaishi mbali, safari ya siku mbili kwa basi. Ametusimulia hivi: "Mama alilelewa na bibi yake, mtoto peke yake ndani ya nyumba. Alikuwa anacheza mdako, mkono wa kulia dhidi ya wa kushoto. Aliniambia wa kulia ulikuwa unashinda kila siku, na wa kushoto ulikuwa unanuna."

Miaka mitatu iliyopita akastaafu. Mwalimu mkuu akampa stoo ndogo nyuma ya darasa lake, aweke maboksi yake. Michezo ilikuwa arobaini na mmoja, na yote ilikuwa kichwani mwake. Hakuwahi kuandika. Wakati huo huo daktari akamwambia moyo wake umechoka. Mwalimu akauliza umechoka kiasi gani. Daktari akasema, "Usipande ngazi." Mwalimu akalielewa jibu.

Basi akataka kuiacha michezo hiyo mikononi mwa mtu. Akawaita walimu wenzake Jumamosi moja. Walikuja kumi na mmoja. Wakapiga picha kwa simu, wakasifu, wakaomba kadi za mfano, wakaondoka kabla ya saa sita. Kila mmoja alichukua kadi. Kila mmoja alisema atarudi akipata nafasi. Hakuna aliyekaa.

Mtaniambia: si angeandika tu maelezo? Alijaribu. Ili aandike mtoto atakavyojibu, aliweka viti viwili, kimoja huku, kimoja kule. Akaficha vifuniko chini ya mkebe, akazunguka meza, akakaa kiti cha pili, akajifanya hajui ni vingapi. Alijua. Akarudi kiti cha kwanza. Akajaribu tena, kwa wiki nyingi. Unamfichaje mtu kitu wakati mtu huyo ni wewe?

Jumapili binti yake alipiga simu. Mwalimu akamwambia, "Fumba macho."

"Mama, niko kazini."

"Nina vifuniko kumi. Vinne viko mezani."

"Sita, Mama. Nina miaka arobaini na miwili. Umekunywa dawa?"

"Umejuaje kama ni sita?"

"Mama! Nina dakika nane."

Sasa anaingia mtu mwingine, wasikilizaji, na ndiye wa mwisho kuwatajia. Mlinzi wa geti la shule. Watoto humwita Afande, ingawa hajawahi kuvaa magwanda ya jeshi hata siku moja. Ana miaka hamsini na saba, mjane, amelinda geti lile miaka kumi na tisa. Alhamisi moja, saa tisa na nusu alasiri, alikuja stoo na funguo zake.

"Mwalimu, nafunga."

"Hufungi kitu. Kaa hapo, Afande. Kuwa mtoto."

"Mtoto wa miaka mingapi?"

"Sita."

Afande akavuta kiti. "Hiyo naiweza."

Na kweli aliiweza. Mwalimu Gundi hakuamini macho yake. Alimpa kadi, Afande akaishika kichwa chini miguu juu, kama mtoto wa wiki ya kwanza. Alimpa herufi ya msasa ndani ya mfuko, Afande akapapasa m, akasema w. Alichanganya b na d, tena pale pale ambapo watoto huchanganya. Alipofika kwenye vifuniko ndipo alipokuwa mjanja. Hesabu za mkebe hakukosa. Mwalimu akaandika kwenye daftari lake jipya: "Afande anaigiza vizuri kuliko walimu wote." Akamwambia hivyo hivyo. Afande akatazama chini, akatabasamu kidogo.

Alhamisi zikawa nane. Zikawa kumi. Mwalimu alianza kuchana nywele siku za Alhamisi, na binti yake alisikia kwenye simu kwamba kuna kilichobadilika, kwa sababu mama yake aliacha kumwuliza, "Utakuja lini?"

Halafu ikaja Alhamisi ya kliniki. Foleni hospitalini ni ndefu, kila mtu anaijua. Asubuhi Mwalimu akapita getini, akamkuta Afande anafungulia lori, akamwachia kikaratasi juu ya kitabu cha wageni: "Leo sipo. Tukutane kesho." Aliporudi kuchukua mkoba wake, saa kumi na mbili kasoro, alimkuta Afande amekaa kwenye kizingiti cha stoo. Amekaa pale tangu saa tisa na nusu. Kikaratasi kiko mfukoni, kimekunjwa vizuri.

"Hukusoma karatasi yangu?"

"Nimeisoma."

"Nimeandika nini?"

Afande akatazama mabomba ya maji.

Mwalimu akaelewa. Miaka kumi na tisa Afande alikuwa anawaambia wageni, "Kalamu hiyo hapo, andika mwenyewe," kisha anainamia kitabu na kutikisa kichwa kama hakimu. Kumbe. Na hapa Mwalimu Gundi, mwalimu wa miaka thelathini na minne, akafanya kosa ambalo asingelifanya hata siku moja mbele ya mtoto. Alicheka. Akasema, "Kumbe ulikuwa huigizi!"

Afande akainuka. Akamrudishia karatasi yake kwa mikono miwili. Akaenda zake.

Alhamisi iliyofuata hakuja. Wala ya pili. Wala ya tatu. Mwalimu alifungua stoo, akapanga viti viwili, akasikia funguo zikilia upande wa geti, zikaishia huko huko. Aliweka mkebe mezani na hakuficha kitu. Jumapili akamwambia binti yake, "Nimemcheka mtu mzima, mwanangu."

"Umemwomba radhi?"

"Nikaanze na neno gani?"

"Mama, wewe ndiye mwalimu wa darasa la kwanza, unaniuliza mimi?" Kisha mgonjwa akaita, simu ikakatika.

Kesho yake Mwalimu Gundi akapiga moyo konde, akaenda getini. Alisimama mahali wanaposimama wageni.

"Afande, nilikucheka. Nimekosa."

"Watoto wakikosea huwa unawacheka?"

"Hapana."

"Basi."

Gari likapiga honi. Afande akafungua, akafunga, akarudi taratibu.

"Mimi nina wajukuu, Mwalimu. Wajukuu wananisomea jina la dawa."

"Na mimi nina michezo arobaini na mmoja na sina wa kucheza naye. Kati yetu wawili, nani wa kuchekwa?"

Afande akamwangalia. "Wewe," akasema. "Wewe zaidi."

Wakacheka wote wawili, na safari hii kicheko hakikumuumiza mtu.

Alhamisi akaja. Akakaa. Akasema, "Leo siigizi." Mwalimu akatoa kadi mbili zinazofanana, akaweka moja mbele yake.

"S na i," akasema Afande. "Si."

Mwalimu akasogeza ya pili karibu. Afande akapitisha kidole juu ya kadi ya kwanza, akapitisha juu ya ile ya pili. "Si... si." Akarudia. Kisha akasema kwa sauti moja, "Sisi." Akainua kichwa. "Mwalimu, hili ni neno zima."

"Ni zima."

Ndivyo ilivyoendelea miezi saba. Afande akajifunza kusoma. Mwalimu akaitoa michezo yote arobaini na mmoja, mmoja mmoja, na kila mchezo ukiisha walibadilishana viti: Afande anakuwa mwalimu, Mwalimu anakuwa mtoto. Afande anasema alikuwa mtoto mtundu sana, anachungulia chini ya mkebe.

Afande ametupa ruhusa kusimulia haya hewani. Tulimwuliza mara mbili. Alisema, "Semeni. Tuko wengi."

Jumanne ya wiki iliyopita, saa tatu asubuhi, saa yake ya kila siku, Mwalimu Gundi hakupita getini. Saa tatu na nusu, bado. Afande akaacha geti wazi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika miaka kumi na tisa, akaenda nyumbani kwake. Alikuwa amefariki alfajiri, kitandani, peke yake. Sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa: peke yake.

Binti alifika siku ya tatu. Walizika. Ijumaa mwalimu mkuu akatangaza kwamba maboksi yagawanywe, na walimu wakaja, hata wa shule jirani, kila mtu na mfuko wake. Wakamkuta Afande amesimama mlangoni pa stoo.

"Kaa kwanza," akamwambia wa kwanza, mwalimu kijana wa kike.

"Afande, mimi nina diploma."

"Na mimi nina ufunguo. Kaa."

Akakaa. Akafumba macho, akafumbua. Afande akauliza, "Nimeficha vingapi?"

"Vinne."

"Umejuaje?"

Yule dada akavihesabu tena kwa kidole vilivyobaki. "Mtoto atakuuliza hivyo hivyo," akasema Afande. "Tuanze upya."

Siku hiyo boksi moja tu ndilo lililotoka. Wengine walipewa siku zao, na mpaka jana jioni, foleni ya kukaa na Afande ilikuwa imefika mwisho wa mwezi ujao.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kipindi hiki, tunampa pole binti wa marehemu na wanawe wawili. Pole kwa walimu wa shule ile, na kwa wote waliopita darasa la kwanza la Mwalimu Gundi. Pole kwako, Afande. Najua unatusikiliza hapo getini. Mungu ampumzishe mwalimu wetu mahali pema.

Binti yake ameniomba niseme maneno yake kama alivyoyatamka. "Nilikuwa nampa dakika nane kila Jumapili. Kila mara aliniuliza, 'Una nafasi?' Mimi nikadhani anaulizia simu."

Basi na wewe jiulize ni nani amekuuliza hivyo wiki hii, ukamjibu "baadaye". Usilie, haisaidii. Zima redio, umfuate.