Dk. Deodatus Kaijage na Ugonjwa Tuliouita Laana

Baba Paroko, wazee wetu, ndugu na majirani, mimi ni Leonsia, mdogo wake marehemu, nasimama kwa niaba ya familia, na jana kikao cha ukoo kiliniomba niruke sehemu moja ya historia hii, lakini nitaisoma yote.

Kaka yetu Deodatus alizaliwa Kamachumu, wilayani Muleba, tarehe 14 Machi 1976, mtoto wa pili wa Mzee Venant na Mama Bernadeta, akasoma shule ya msingi hapohapo, sekondari Bukoba, udaktari wa mifugo Morogoro, na baadaye akapata shahada ya uzamivu Uholanzi, katika kemia ya ubongo.

Alirejea Mwanza mwaka 2010, akaajiriwa katika maabara moja ya utafiti huko Ilemela, akichunguza panya wanaojisafisha manyoya bila kukoma mpaka wanajisababishia vidonda usoni, pamoja na serotonini, kemikali inayopitisha ujumbe ndani ya ubongo, na dawa zinazoweza kuwatuliza. Tarehe 6 Agosti 2011 alifunga ndoa na Rachel Machibya, Mungu akawajalia watoto wawili, Prudencia na Paulo.

Sasa nasoma nilichoambiwa nikiruke. Mwaka 2014 nilikuwa nanawa mikono kwa jiki mpaka ngozi inabanduka, nikiogopa kumuua mwanangu kwa uchafu, hata kumbeba sikuthubutu, mume wangu akanirudisha kwa ndugu zangu Mwanza, ukoo ukasema ni laana, na asubuhi ya tarehe 9 Juni nikaingizwa kwenye gari nipelekwe kwa mganga, mbele ya Usagara, ambako wagonjwa walifungwa minyororo. Deo, aliyekuwa amewaambia kwamba ninaumwa kama panya wake wa maabara, akasimama mbele ya gari, injini inanguruma. Baba mdogo Muganyizi akamfokea, "Mdogo wako unamfananisha na panya?"

"Shikamoo baba," akajibu. "Panya hana dhambi wala laana, lakini naye hawezi kuacha. Kinachoumwa ni ubongo. Siahidi kwamba atapona, wapo panya wangu ambao dawa haikuwasaidia, ila hapa sitoki."

Gari likasogea mpaka likamgusa magoti. Hakutoka. Dereva akazima.

Siku hiyohiyo alinipeleka kliniki ya afya ya akili, nikapewa dawa na mshauri, miezi ikapita bila nafuu, watu wakamcheka, naye akazidi kunisindikiza, hadi Desemba nilipombeba mwanangu. Ugonjwa haujaniacha kabisa, lakini naishi nao, na kazi nafanya.

Februari 2025 Deo aligundulika kuwa na saratani ya ini, akafariki nyumbani kwake Mkolani tarehe 21 Septemba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, majirani mliopika na kulala nasi matangani, na wenzake wa maabara. Na kama nyumbani kwako yupo mliyemfungia ndani kwa aibu, baada ya mazishi nitakuwa pale karibu na geti, njoo tuzungumze.

Kaka Deo, nenda salama, upumzike.