Madam Kasyoki na Jumamosi za Kalunde

Baada ya kuwatumikia watoto wa Kitui na Makueni kwa miaka thelathini na mmoja, Bi. Kasyoki Ndeti, afisa wa watoto, anastaafu tarehe thelathini Juni. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, Wangui wa meza ya pili, niandike maneno ya kuchangamsha watu kabla ya chakula. Nitajaribu. Lakini kazi yetu ni ya wazazi walioachana na watoto wanaovutwa huku na huku, na nikiandika vicheko vitupu, mwenyewe atanitolea macho mbele ya wageni.

Alianzia upande wa Mwingi, msichana mwembamba aliyepewa pikipiki ya serikali iliyomzidi uzito. Alianguka nayo mara ngapi hatujui, maana ukimuuliza lile kovu la goti hukwambia aliumwa na mbwa.

Mahakama ikishaamua mtoto aishi na nani na likizo aende kwa nani, yeye ndiye aliyefuatilia. Alikuwa na sharti lake: mzazi anayetoa mtoto amsalimu anayempokea, kwa sauti, mtoto akisikia. Nimeona wanaume wazima wakisalimu kana kwamba wanang'olewa jino. Na walisalimu.

Watu wa Nunguni bado wanasimulia ile kesi ya kabichi. Baba mmoja hakumrudisha mtoto likizo ilipoisha; shule zimefunguliwa, mtoto yuko shambani anavuna. Mahakama ikampa mama likizo nzima iliyofuata, kufidia siku zilizoliwa. Baba akaja na gunia la kabichi ati ampoze hakimu! Madam Kasyoki alimfukuza hadi barabarani, yeye na gunia lake, kabla hajajitafutia kesi ya pili. Aki tulicheka.

Kwa Kalunde hatukucheka.

Mbithe wa Nuu na Mulwa wa Kathonzweni waliachana binti yao Kalunde akiwa mdogo. Amri ilikuwa wazi: mtoto aishi na mama, likizo aende kwa baba. Ilifuatwa vizuri mpaka ukoo wa Mbithe ulipoamua kumaliza mambo kwa desturi, ukarudisha mbuzi wa ntheo, wale ambao Mulwa aliwatoa kufunga ndoa. Babake Mulwa aliwapokea, akachinja mmoja, wazee wa pande zote wakala. Kwa Mbithe mambo yaliishia hapo. Ndoa imefunguliwa, mtoto ni wa kwao, na karatasi ya korti haina kazi tena. Likizo ilipofika, hakumtoa mtoto.

Madam Kasyoki alifunga safari hadi Nuu kumweleza kwamba amri ya mahakama huondolewa na mahakama peke yake. Kama haikufai, rudi kwa hakimu uombe ibadilishwe, lakini usiivunje. Mjomba wa Mbithe, Mzee Muindi, akamuuliza yeye ni Mkamba wa aina gani, anayeweka karatasi juu ya ntheo. Neno hilo lilimchoma. Kesho yake alikaa ofisini, chai ikapoa mbele yake.

Hakimu hakukimbilia jela, tusimsingizie. Kwanza alionya. Mara ya pili aliamuru baba afidiwe likizo aliyonyimwa. Mara ya tatu Mbithe alikataa tena, na alipoitwa kortini hakufika, kwa sababu ukoo ulimwambia kwenda ni kukubali kwamba mbuzi walirudi bure. Waranti ya kumkamata ikatoka. Ripoti iliyosomwa siku ya hukumu ilikuwa ya Madam Kasyoki, na kila neno lake lilikuwa kweli. Mbithe alifungwa mwezi mmoja kwa kudharau mahakama, na malezi yakahamishiwa kwa baba. Mzee Muindi, mwenye ushauri, alilala kwake kama kawaida. Jamani, hilo linanikasirisha hadi leo.

Ni Madam Kasyoki aliyempeleka Kalunde kwa babake, Kathonzweni. Mtoto hakulia. Aliuliza tu amekosa nini mpaka mama akamtoa. Alielezwa, lakini mtoto wa miaka saba utamwelezaje waranti? Aliamini ametupwa.

Mbithe alipotoka alipewa Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, hapa ofisini, chini ya macho yetu, mwisho saa kumi. Siku ya kwanza alitoka Nuu gizani na kopo la muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa yaliyopikwa na maharagwe. Kalunde alijificha nyuma ya kiti cha Madam Kasyoki, hakutaka kuguswa. Ikawa hivyo mwezi baada ya mwezi. Madam alidai salamu tu. Mama alisalimu, mtoto akaitikia akiangalia ukuta. Akistaafu huyu, tuliulizana, mtoto atakubali hata kuingia humo ndani?

Jumamosi iliyopita ilikuwa ya mwisho kwa Madam. Kalunde alikula muthokoi. Kisha, bila kuambiwa, akaenda kukaa miguuni pa mamake, na Mbithe akaanza kumsuka. Alikuwa amefika katikati ya kichwa mtoto alipolala, shavu kwenye goti la mama. Saa kumi ikafika. Mulwa alikuwa langoni. Nilimnong'oneza Madam awaache kidogo tu. Alitikisa kichwa. Mama mwenye rekodi ya kuvunja amri akipitisha muda hata kidogo, alisema, anaweza kunyang'anywa hata hizi Jumamosi. Mbithe hakuomba chochote. Madam Kasyoki akainama, akamwamsha mtoto.

Kalunde aliondoka amesukwa upande mmoja. Mlangoni aligeuka akamuuliza mamake kama mwezi ujao atamaliza ule mwingine. Nilimkuta Madam jikoni baadaye, maji ya bomba yanatiririka, anajifuta macho kwa leso.

Madam, asante kwa miaka yote, hata kwa siku tulizokuona una moyo mgumu. Mwezi ujao nitakaa kwenye kiti chako. Nitadai salamu, na saa kumi ikifika nitamwamsha, ingawa sijui nitapata wapi mkono wa kufanya hivyo. Tunakutakia maisha mema huko nyumbani, afya, mvua shambani, na wajukuu. Nenda ukalale mchana, mama, na mtu yeyote asikuamshe.