Bwana Viti, Aliyewafungulia Wazee Makumbusho

Marehemu mdogo wetu, ambaye wengi mlimwita Bwana Viti, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa tano kati ya saba. Baba alikuwa seremala. Mimi dada yake nilikuwa na miaka tisa, na nilimbeba mgongoni mpaka siku alipokataa mwenyewe.

Alisoma hadi kidato cha nne, akamaliza mwaka 1975. Shule aliipenda, lakini mazungumzo ya wakubwa aliyapenda zaidi, hata mama akawa anamwita “babu” angali na meno ya utotoni.

Tarehe 8 Desemba 1984 alimuoa wifi yangu, mshonaji, wakajaliwa watoto watatu.

Kazi aliianza makumbusho mwaka 1979, mlinzi wa ukumbi. Miaka nenda miaka rudi aliwaona wazee wakiingia, wakizunguka kidogo, wakigeuka kurudi, maana hapakuwa na pa kukaa. Mwaka 2006, akiwa idara ya elimu, aliomba Alhamisi moja kila mwezi iwe yao: viti ishirini, chai, na vitu vya zamani vya kushika mkononi. Mito ya viti alishona wifi. Mkuu wake alimwambia, “Ndugu yangu, hapa si zahanati. Nakupa miezi mitatu, nisipoona maana nafunga.”

Mwezi wa tatu mkuu alikuja kujionea. Alikuwepo mjane mmoja ambaye tangu afiwe, miezi minane, hakuwa ametamka neno. Binti yake alimleta kwa kumshika mkono. Marehemu alimpa pasi ya mkaa. Bibi akaitazama, akalowesha kidole ulimini, akaigusa chini.

“Bado haijashika moto,” akasema. “Shati la mzee halinyooki hivi.”

Jirani yake akamjibu, “Basi ipepee, shoga, mikono umeweka rehani?”

Bibi akacheka. Binti yake akalia. Mkuu akavuta kiti, akakaa, na habari ya kufunga ikaishia hapo.

Alistaafu mwaka 2017, Alhamisi hakuiacha. Mwaka 2023 figo zilianza kumsumbua. Hofu yake ilikuwa moja tu, kwamba darasa lake la Alhamisi litakufa naye. Asubuhi ya Alhamisi tarehe 9 Januari 2025 wazee walipiga simu hospitali alikolazwa kuuliza kama waahirishe. Alijibu mwenyewe, kwa sauti ndogo: “Kwani mimi ndiye kiti? Kaeni, muanze.” Wakaanza. Saa tano alifariki, wao wakiwa bado wamekaa.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, sisi ndugu zake wawili, na wazee arobaini na mmoja. Darasa la Februari lipo, saa nne kamili. Wamekwisha kugawana kazi.

Apumzike kwa amani, yeye aliyewapumzisha wengi.