Paneli ya Nusu Bei

— Irudishe leo, mume wangu! Duka lilitoa siku saba, na leo ni ya saba.

— Nipe mpaka mchana.

— Mchana mwenye mkokoteni atakuwa amefika. Nimeshamwita.

Mkewe akaingia kibandani. Wembe, kinyozi, akabaki benchini nje, kahawa imempoa mkononi. Kwa sababu ya umeme kukatika kila siku, wateja wakiondoka na kichwa kilichonyolewa nusu, aliuza baiskeli yake akanunua paneli ya jua, nusu ya bei ya mwaka jana. Ilipandishwa juu ya bati na kufichwa vizuri wezi wasiione. Tangu siku hiyo mashine ya kunyolea haijatoa hata mlio. Akiirudisha, kibanda atafunga, akaoshe magari kwa shemeji yake. Na shemeji mwenyewe ana mdomo!

— Nusu bei! alisema Redio, jirani aliyekaa naye benchini, ambaye habari humfikia kabla hazijatokea. — Hizo paneli zimeshatumika nchi nyingine. Jua lake limekamuliwa, sisi tunaletewa makapi.

— Toka hapa! Hisa alidakia. Alikuwa fundi viatu, hisa hana hata moja, ila hakuna mazungumzo asiyoyapeleka huko. — Bei imeshuka kwa sababu viwanda vimezidi. Wembe, wakikurudishia hela usizile. Nunua hisa za kampuni ya jua!

— Kama paneli zinashuka bei kila mwaka, faida nitaiona wapi?

— Mbele! Wanangoja kila mtu awe na paneli, halafu wauze jua lenyewe. La asubuhi bei yake, la mchana bei yake.

— Na la jioni?

— La jioni kwa jumla.

Muuza kahawa alicheka hadi birika likamwagika. Wembe hakucheka. Alikuwa anasikiliza magurudumu ya mkokoteni.

Akasimama mgeni mmoja, fundi wa kupaka rangi, ngazi begani.

— Kinyozi, nina haraka.

— Samahani ndugu yangu, mashine haina moto. Paneli mbovu.

Mgeni akatazama juu ya bati.

— Na mbona mmeifunika kwa gunia?

Redio akachungulia ndani ya kikombe chake. Hisa, ambaye ndiye aliyeshauri gunia, "tulinde mtaji," akainama kufunga kamba za kiatu kisicho na kamba.

Wembe aliazima ngazi, akapanda, akalivuta gunia. Wakangoja. Kahawa ilizunguka mara moja, ikazunguka mara ya pili, ndipo kibandani kukasikika mngurumo. Wembe akakaa palepale juu ya bati la moto, anacheka peke yake.

Mkewe akatokea mlangoni, mashine inatetemeka mkononi mwake. Akamtazama mumewe, kisha gunia.

— Mwambie wa mkokoteni akija arudi zake. Na hilo gunia nipe. Nimelitafuta wiki nzima.