Amplifaya Inayochemka Kimya

Benchi letu limeegemea ukuta wa karakana ya Fundi Koili, ndiyo maana tunajua mambo ya umeme kuliko yanavyotuhusu. Jioni hiyo tulikuwa mimi, Fundi, na kinyozi tunayemwita Profesa kwa sababu hajawahi kusema "sijui". Besi, mwenzetu wa benchi, akaja amekumbatia amplifaya yake ya zamani, akaiweka chini polepole. Binti yake amemnunulia mpya, nyepesi, na hii kaagiza ifunguliwe, itolewe vipuri. Besi alifiwa na mkewe mwaka jana, na tangu hapo maneno yamemwisha. Basi sisi tukaongea kwa niaba yake.

FUNDI: Hii klasi A. Umeme unapita humo muda wote, wimbo uwepo usiwepo. Ndiyo maana inachemka.

PROFESA: Yaani inatoka jasho hata ikiwa haina kazi!

MIMI: Na klasi B?

FUNDI: Humo transista wapo wawili, wanapokezana. Mmoja anasukuma, mwingine anavuta. Asiye na zamu analala. Tatizo wakipokezana, sauti inakwaruza. Ndiyo ikaja AB: ukingoja zamu usilale kabisa, fumba jicho moja.

PROFESA: Na hiyo mpya ya binti?

FUNDI: Klasi D. Ni swichi tu, inawaka na kuzima haraka mno, sikio halishtuki. Haipati joto la maana.

PROFESA: Sasa nimeelewa kwa nini ndoa za siku hizi hazidumu! Wimbo wa mapenzi unakatwa vipande, kila kipande kinamwangukia mtu mwingine.

MIMI: Profesa, mkeo wa kwanza aliondoka enzi za santuri.

PROFESA: Tulikuwa klasi B, mimi na jirani. Mimi nilisinzia, yeye akashika zamu!

Besi akacheka. Kidogo tu, lakini akacheka, na mimi moyo wangu ukatulia. Hapo ndipo binti yake akatokea, bado na sare ya kazini.

BINTI: Shikamooni. Fundi, usimwonee huruma. Juzi nimepita nyumbani, yeye hayupo, hii inawaka peke yake. Juu pana moto, huwezi kuweka mkono. Ataunguza nyumba huyu.

FUNDI: Kweli, Besi?

BINTI: Na nyumba kimya. Hakuna kanda, hakuna redio. Baba, ilikuwa inapiga nini?

Fundi akaangalia bisibisi yake. Profesa akajimiminia kahawa.

BESI: Mama yako akirudi kazini alikuwa anaweka kiganja pale juu, hata kabla hajaniita. Ikiwa ya moto, anajua nimo.

BINTI: Nakumbuka, baba.

BESI: Siku hizi anayerudi ni mimi. Ndiyo naiacha inawaka. Nikifika, naigusa.

Binti akajifuta macho kwa mkono wa sare. Hatukujua pa kutazama.

BINTI: Fundi, usiifungue.

Akainama, akaibeba mwenyewe, nzito vile vile.

BINTI: Baba, ukitoka uwe unaizima. Mimi natoka kazini kabla hujaondoka hapa kijiweni. Nitakuwa napita kuiwasha. Leo natangulia nayo nyumbani.

Tukamwangalia mpaka akakata kona. Profesa akashika birika la kahawa, akauliza kama tufunge siku.

BESI: Nimiminie kimoja kwanza. Inachukua muda kupata moto.